Helikopta ya Mbao na Kipande cha Reli

Kwako Mama Kadidja,

Naomba msaada wako na naomba usiniandike jina, maana barua hii nimeichana mara tatu na hii ya nne nisipoipeleka posta leo najijua, sitaandika tena. Mimi ni seremala, nina karakana yangu hapa Kabondo, Kisangani, nina mke na watoto, nasali, pombe siijui, na kwa miaka ishirini watu wa mtaa huu wameniletea milango na vitanda na majeneza na hakuna aliyerudi kulalamika hata kwa msumari mmoja, na hilo silisemi kwa kujisifu, nalisema ili ujue anayekuandikia si mhuni.

Nina rafiki ambaye nitamwita Hilaire. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, wazazi wetu wote asili yao Maniema, tulikaa dawati moja shuleni na tangu hapo hatujaachana. Hilaire alikuwa fundi kwenye karakana ya kampuni moja ya helikopta ambayo siitaji, kazi yake kufungua, kusafisha, kupaka grisi na kufunga, miaka kumi na moja, na kuruka hakuwahi kuruka isipokuwa siku moja rubani mmoja Mbelgiji alimwachia usukani juu ya mto kwa dakika mbili, na dakika mbili hizo, Mama, ndizo zilizomharibu rafiki yangu, kwa sababu tangu siku ile hakuwa na mazungumzo mengine. Basi mwaka jana kampuni ikatangaza kwamba fundi yeyote Mzaire mwenye miaka kumi kazini anaweza kwenda Kinshasa kujaribiwa, na atakayeweza kuituliza helikopta hewani atapelekwa shule ya urubani. Jioni ile ile Hilaire akaja kwangu, hata hakukaa, akaniita ndugu kwa Kilingala kama siku zote.

“Ndeko, unitengenezee helikopta.”

“Ya kweli?” nikamuuliza, nikicheka.

“Ya mbao. Lakini ikuwe mubaya sawa ile ya kweli. Ikiwa muzuri, haina kazi.”

Hayo ndiyo maneno yake, Mama, na nimeyaandika kama alivyoyasema kwa sababu yananikaba kila siku.

Sasa lazima nikueleze mashini yenyewe, maana kosa langu limo humo ndani. Pesa hatukuwa nazo, kwa hiyo tulijenga kwa vitu vilivyotupwa. Kibanda nilikitengeneza kwa mbao za masanduku ya sabuni, kiti kilitoka kwenye kamioni iliyoungua, na chini ya kibanda tuliweka rotule, kile kifundo cha mviringo cha usukani wa kamioni, juu ya kitovu cha gurudumu, hivyo kibanda kizima kilisimama juu ya kitu kidogo kama ngumi na kiliweza kuinama pande zote na kuzunguka. Fimbo ya mkono wa kulia ilivuta kwa waya za breki za kinga, yaani baiskeli, sanduku la mchanga lililoteleza chini ya sakafu, ukisukuma mbele mchanga unakwenda mbele na pua inaanguka, na usipourudisha upesi inazidi kuanguka. Mkono wa kushoto ulikuwa breki ya lori, ukiuinua kamba inavuta pua pembeni, lazima ukanyage pedali kuizuia, na pedali zilikuwa za cherehani. Ukutani mbele nilipiga mstari mmoja wa chokaa, huo ndio upeo wa macho. Pande nne tuliweka kengele za kinga, kibanda kikigusa kengele inalia, na ikilia umekufa. Hilaire alipoketi mara ya kwanza alikufa mara kumi na nne kabla ya chai, akashuka ametoka jasho, akanikumbatia. “Njo yenyewe! Ni kama kusimamisha fagio juu ya kiganja. Njo yenyewe kabisa!”

Tungebaki sisi wawili karakana nisingekuwa nakuandikia. Lakini Jumamosi moja baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, watu bado wana makoleo na mapanga mikononi, chef, mkuu wa seli yetu ya Chama, akasema fundi aonyeshe raia hiyo helikopta inayosemwa, na uwanja wangu ukajaa. Hilaire akapanda, mashini ikatikisika, kengele ikalia, watu wakaanza kucheka, wakasema mashini ya seremala haina akili, haijui hata kusimama, hiyo si helikopta ni mbuzi amefungwa kamba, na kila kengele ilipolia wakapiga kelele pamoja, “Amekufa! Amekufa tena!” na Hilaire naye wakamcheka, mpaka mke wake Élise akaja kumshika mkono amshushe. Jumamosi ya pili vile vile. Jumamosi ya tatu walikuja na viti.

Nikaingiwa na huruma, Mama. Karakana kwangu nilikuwa na kipande cha reli ya zamani, kilo thelathini na kitu, nikikitumia kunyooshea misumari. Ijumaa saa za mchana, Hilaire yuko kazini na wenzangu wako msikitini, mimi sikwenda msikitini. Nilifungua sakafu, nikakining'iniza kile kipande chini kabisa chini ya kifundo, nikakifunga kwa bulon nne, zile bolti za nati, kisha nikafunika kwa ubao, nikaupiga randa na kuupaka vanishi mpaka huoni umeanzia wapi. Kuanzia hapo mashini ikiinama inarudi yenyewe, uzito unaivuta chini iwe wima, hata ukiiachia mikono.

Jumamosi Hilaire akapanda, ikainama, akashtuka akachelewa kuvuta, ikarudi. Ikainama tena, ikarudi. Kengele haikulia hata moja. Watu wakapiga makofi, na Hilaire akashuka machozi yanamtoka akaniambia, “Ndeko, mukono yangu imejua!” Ningemwambiaje mtu anayelia kwa furaha mbele ya Kabondo nzima? Nilisema moyoni nitakiondoa baada ya wiki mbili. Aliponiuliza, “Reli yako ya misumari iko wapi?” nikamwambia nimemwazima mtu. Lakini wiki mbili zikawa nne, watu wakaanza kuja kutoka Mangobo na Tshopo kutazama, na tarehe ishirini Mei chef wa seli akataka mashini ipite kwenye défilé, gwaride la sikukuu ya Chama, juu ya kamioni, Hilaire ndani, mimi nikitembea pembeni na suti mpya ya abakosti, na watu njiani wananiita “Ingénieur!” Siku ile hata nilisahau kwamba reli ipo.

Mwezi wa sita akaenda. Mkubwa wake wa kazi wa hapa alimnyima ruhusa ya kusafiri, akaacha kazi, na Kinshasa wakampokea kwa ile miaka yake kumi na moja. Pale beach, kwenye gati la mto, boti inapiga honi, Élise akalia, akalia sana mbele ya watu mpaka machozi yakaanguka juu ya valizi, na wewe unajua yanayosemwa hapa kwetu kuhusu machozi juu ya mzigo wa msafiri.

Baada ya wiki saba akarudi. Alikaa juu ya benchi langu la kazi akanieleza, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka hospitali.

“Bon, tulipanda, rubani akaituliza, akaniambia chukua. Nikachukua. Ikainama kidogo kwa kushoto. Nikangojea irudi. Ndeko, haikurudi. Nikangojea tena. Alors akaninyang'anya usukani, akaniuliza: Citoyen, nani alikufundisha kungojea?” Akanitazama. “Miye mwenyewe sijui. Nani alinifundisha kungojea?”

Nikamwambia Mungu anajua.

Kwa kuwa hakupata jibu kwangu, akalitafuta kwingine. Dada zake wakamwambia ni machozi ya Élise yaliyomfunga mikono, na yeye akaamini, na mwezi wa nane alimpandisha mke wake treni ya Ubundu, na sufuria zake, akamrudisha kwa wazazi. Mke wangu Aziza, rafiki yake, alipokea barua kutoka huko. Élise anauza samaki wa kukaushwa karibu na stesheni na ameandika, “Sikulilia bahati mubaya, nililia juu ya kubakia peke yangu.” Aziza alinisomea nikiwa nakula.

Sasa kampuni imesema walioshindwa watajaribiwa mara moja tu tena, mwezi wa pili mwakani. Hilaire hana kazi, hana mke, kila alasiri yuko ndani ya mashini yangu anajifunza, anafanya vizuri, kengele hailii. Nikimwambia, miaka thelathini ya urafiki imekwisha, na jina langu pia mtaani. Nisipomwambia, unajua mwenyewe. Mimi nimefikiri hivi: je, nikiondoa ile reli polepole, nikiweka ya kilo ishirini, halafu kumi, halafu nikaitoa kabisa, bila kusema kitu, si mkono wake utazoea na mambo yote yatanyooka? Wahenga wamesema kuteleza si kuanguka. Nilifanya kwa huruma, Mama. Nihurumie na mimi unishauri, na tafadhali fanya upesi, na jina langu ulifiche, kwa sababu Hilaire ndiye anayetusomea ukurasa wako wa gazeti karakana kila Jumamosi.

Ni mimi Seremala, Kabondo.


Mama Kadidja anajibu:

Seremala,

Unaandika vizuri. Nimekusoma mara mbili, na mara ya kwanza karibu nikuonee huruma. Mara ya pili nilikasirika, na bado nina hasira, kwa hiyo vumilia.

Unasema uliteleza. Mtu aliyeteleza hachagui saa ambayo wenzake wako msikitini. Hafungi bulon nne. Na hiyo huruma unayoniimbia, tangu lini huruma ikapiga randa? Ungekuwa na huruma tupu ungekifunga kile chuma kwa kamba ukaondoka. Wewe ulipaka vanishi, ndugu yangu. Ulitaka kisionekane, na ulitaka kazi ibaki safi, hata kazi ya kumdanganya rafiki yako.

Tena soma barua yako mwenyewe. Siku watu walipocheka, kabla hujaniambia walivyomcheka Hilaire, umeniambia walivyoicheka mashini. Mashini haina akili, mashini ni mbuzi. Hayo ndiyo yaliyokuuma kwanza. Yeye alikuwa anakufa mara kumi na nne kabla ya chai na akakukumbatia, maana alijua anajifunza. Aliyeshindwa kuvumilia kicheko ni wewe. Halafu ukavaa abakosti ukaitwa Ingénieur. Sisi wa nchi hii tunajua kupiga makofi, tumefundishwa vizuri sana, tunampigia yeyote anayepita juu ya kamioni. Na wewe mtu mzima ukayaamini makofi hayo.

Hilaire alikuomba kitu kimoja tu. Alikuja kwako, hata hakukaa, akakwambia ikuwe mubaya. Alijua ile ya kweli haimhurumii mtu. Ukampa nzuri, akaipeleka Kinshasa mikononi, akaiweka kwenye helikopta ya watu, akangoja. Kama rubani yule angekuwa mzembe, leo ungekuwa unapiga randa jeneza, na vanishi ungepaka pia.

Lakini Hilaire si wa kwanza katika deni la moyo wako. Wa kwanza ni Élise. Yeye hakushika fimbo wala pedali, alilia tu kwa kuwa mume wake anaondoka, kama mke yeyote mwenye moyo, na wewe ukakaa kimya sufuria zake zikipandishwa treni. Ulijua. Mtaa mzima wa Kabondo ulisema ni machozi na mtu mmoja tu alijua ni reli, na mtu huyo alikuwa anakula. Hapo sina maneno matamu ya kukupa. Ni aibu.

Na shauri lako la kuondoa reli polepole, kilo ishirini, kilo kumi, lisahau kabisa. Hebu fikiri. Siku moja ataketi na mashini itamtupa tena, na hajui kwa nini. Jana aliweza, leo hawezi. Atasema nini? Atasema yale machozi bado yapo. Dada zake watasema wanaona hata mchawi sasa. Na Élise atazeeka pale stesheni na samaki wake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mwingine.

Sasa sikiliza utakayofanya. Panda treni ya Ubundu na mke wako Aziza. Muulize Élise kama atakubali kukusikiliza, umwambie yote, kuanzia ile Ijumaa. Usimwombe arudi, hiyo si kazi yako, na huenda hataki tena mume aliyeamini dada zake kuliko yeye, na akikataa nitamwelewa. Umwambie tu kwamba hakumfunga mtu mikono. Ana haki ya kulijua hilo kabla ya mwingine yeyote.

Ukirudi, mwite Hilaire karakana. Usianze hotuba. Chukua ufunguo, ng'oa ule ubao mzuri, fungua bulon nne mbele ya macho yake, na uiweke reli pale ilipokuwa, mahali pa kunyooshea misumari. Ataelewa, ni fundi. Akikutukana, simama. Akikupiga, simama, usipige. Akiondoka bila neno, usimfuate njiani na machozi yako, maana umeona machozi yanavyohesabiwa hapa mjini.

Halafu Jumamosi, baada ya salongo, watu wakija na viti vyao, panda wewe mwenyewe. Bila reli. Kengele ilie. Waseme Ingénieur amekufa, amekufa tena, mpaka wachoke. Waambie makofi yale yalikuwa ya chuma. Na dada zake Hilaire wawepo, wasikie ni nini kilichomfunga kaka yao.

Atakusamehe? Sijui, na usiniulize. Miaka thelathini ni mingi, lakini umeitumia vibaya na huenda imekwisha. Kutoka leo mpaka mwezi wa pili ana miezi mitatu ya kufa mara kumi na nne kabla ya chai, na kama bado anataka kukalia mbao zako, mpe mashini mubaya kuliko zote ulizowahi kutengeneza. Anaweza kushindwa tena. Safari hii atashindwa kwa mkono wake mwenyewe, na mtu aliyeshindwa hivyo anaweza kuamka asubuhi akatafuta kazi nyingine.

Limebaki moja. Umeniomba nifiche jina lako, nami sijaliandika popote. Lakini ndugu yangu, Kisangani kuna helikopta ngapi za mbao? Jumatatu nilikwenda Kabondo, nikamuuliza mwanamke wa kwanza aliyekuwa anauza pondu, akanionyesha kwa kidole bila hata kuacha kufunga majani yake. Wewe hukuwepo. Nilimwachia Aziza bahasha yako, imefungwa, na ndani nimekwambia kwamba barua hii inatoka gazetini Jumamosi na treni ya Ubundu inaondoka Jumatano. Ulikuwa na siku tano.

Kama ulizitumia, haya yote ni habari ya zamani kwako. Kama umezipoteza ukitumaini mambo yatanyooka yenyewe, basi ujue kwamba nilipokuwa natoka uwanjani kwako nilimwona. Alikuwa ndani ya kile kibanda, mtu mrefu, mwembamba, macho kwenye mstari wa chokaa. Kibanda kiliinama upande wa kushoto. Hakuvuta fimbo. Alikaa tu na mikono yake mizuri juu ya magoti, anangoja, na kibanda kikarudi. Akanisalimia kwa heshima sana, akaniambia, “Mama, karibu, kila Jumamosi minasomaka gazeti yenu.”

Leo ni Jumamosi, Seremala. Amekwisha kulinunua.